Ukuta wa Lancashire

Norman Sutcliffe alikosea ukuta wa kukinga baridi, na mkewe Hilda alimwambia tangu siku ya kwanza. Lakini Norman akishaamua jambo, kichwa chake kigumu kuliko mawe ya nyumba yenyewe.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho katika safu, ya mawe matupu, imejengwa na watu walioamini kuwa kutetemeka ni adabu. Ukuta mmoja ulikabili upepo wa mlimani. Wa upande wa pili walichangia na Bi Ogden, mjane aliyehamia Yorkshire kutoka Lancashire miaka thelathini iliyopita na mpaka leo hajasamehewa, kwani majimbo hayo mawili ya Uingereza ni mahasimu wa jadi. Kifua cha Hilda kilibana kila majira ya baridi, na mwaka huu alisema wazi: akiiona pumzi yake sebuleni tena, anahama.

"Ukuta wa upepo ndio wa kuvalisha mbao," alisema.

"Na vikombe vyangu je?" Rafu ya vikombe alivyoshinda Norman na bendi yake ya tarumbeta ilikaa huko, imebana kati ya dohani na dirisha. Ukuta ukinenepa hata kiganja kimoja, rafu hairudi. "Halafu joto letu halipotelei huko, mke wangu. Linakwenda kwa yule. Miaka yote tunampasha moto mtu wa Lancashire!"

Akabandua karatasi za ukuta wa upande wa Bi Ogden, akapachika mbao nene za kukinga baridi, akaziba kila ufa, akapiga lipu ya chokaa. Kazi safi, Hilda hakubisha. Jumapili wakawasha hita, wakakaa. Pumzi zikawatoka puani kama farasi wawili.

Hilda akabeba birika na nyuzi zake za kufumia, akaenda kwa jirani.

"Ajabu, shoga," alisema Bi Ogden, amevaa blauzi ya mikono mifupi katikati ya Desemba. "Wiki hii nyumba yangu imekuwa tanuri. Sijui zamani joto lilikuwa linakwenda wapi."

"Lilikuwa linakuja kwetu. Na Norman akajiona mfadhili!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Norman angewasikia, lakini alikuwa ameziba vizuri mno.

Siku nne Hilda alirudi nyumbani kulala tu. Alimkumbuka, mjinga yule, na hilo lilimkera kuliko baridi.

Siku ya tano mlango wa Bi Ogden ukagongwa. Alikuwa Norman, pua nyekundu, amekumbatia sanduku linalogonganagongana ndani. Hakuwahi kukanyaga kizingiti kile.

"Bi Ogden," aliliambia zulia, "una mahali pa kuviweka hivi? Nataka ule ukuta mwingine uwe mtupu."

Bi Ogden alichungulia sandukuni. "Humu kuna vikombe mlivyotwaa kwa kutushinda sisi wa Lancashire?"

"Vitatu."

"Vitakaa juu ya televisheni, nivione vizuri nikikasirika. Haya, vua viatu uingie."

"Asivue," alisema Hilda, akiweka nyuzi kando na kuchukua koti lake. "Twende, mzee. Nikushikie mbao."