Prezida wa Ndege

"Weka ile bidoni chini, Mama Grâce! Ndege wataogopa."

"Na waogope! Wanakula mupunga wangu ao wako?"

Saa moja asubuhi. Emilienne, ndiye Mama Grâce, amesimama katikati ya mpunga wake, kwenye kinamasi nyuma ya soko la Kasongo, fimbo mkono huu, bidoni tupu, dumu la mafuta, mkono ule. Jirani yake Gédéon yuko ukingoni na koti lake la harusi. Mwezi uliopita aliandika "RÉSERVE", yaani hifadhi, kwenye kipande cha bati, akakipigilia mtini, na tangu siku hiyo anajiita prezida. Wa nini? Wa ndege. Ndege wenyewe hawakuulizwa.

Leo alikuwa na mgeni: Darlène, mwanafunzi wa Kindu, jumeli ya kuonea mbali shingoni, amekuja kuhesabu ndege. Gédéon alimwapia kwamba kwake wamejaa mpaka wanakanyagana, ila watu wanyamaze tu.

"Hadi saa sita, mama," Darlène akaomba.

Emilienne akanyamaza kwa heshima ya mgeni, si ya lile koti. Zilibaki siku tatu avune. Akatazama ndege wakishuka kundi kwa kundi, wakizama ndani ya masuke. Asubuhi moja bila kuwaamia, na mwaka mzima watoto wake watatafuna mihogo.

Saa tatu Darlène akashusha jumeli. "Prezida, ndege siwaoni. Ninaona mpunga unatikisika tu."

"Vumilia, mademoiselle. Ndege wa rezerve wana haya."

"Haya!" Emilienne akaruka. "Mwizi anainamisha kichwa anakula, weye unasema iko na haya?"

Akaipiga bidoni. Pa! Pa! Pa!

Kinamasi chote kikainuka. Wekundu, weusi, wa manjano, anga likajaa mabawa. Darlène akapanda juu ya kiti alichowekewa ukingoni, kalamu inakimbia.

"Piga tena, mama! Usiache!"

"Niache? Nani ataniachisha leo?"

"Ni miye nilipanga vile," Gédéon akasema. Hakuna aliyegeuka.

Emilienne akapiga mpaka jua likakaa utosini na ndege wakakimbilia vivulini. Mpunga ulikuwa umeliwa pembeni tu. Darlène akafunga daftari, akamtazama mwenyeji wake, aliyepaswa kumpa chakula. Prezida akaanza kueleza kwamba mke wake alikwenda kijijini Wamaza, kwamba jiko, unajua…

"Mutoto wangu, twende kwangu," Emilienne akasema. "Wali na sombe ya majani ya muhogo iko tayari."

Gédéon akabaki palepale, anameza mate.

"Na weye, unasimama sawa korongo? Vua koti, nawa mikono, ingia ule."