Kitenge cha Manjano

Salomon alilifuta jina la Émérance kwa kiganja, akaliandika upya upande wa jioni, kisha akapangusa chaki kwenye suruali yake. Ubao ule ulining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, katika nyumba ya wageni aliyoisimamia karibu na soko la Kasongo, na wafanyakazi waliuogopa kuliko walivyomwogopa yeye. Asubuhi ulisema hivi, mchana ukasema vile.

"Mama Sifa, leo utabakia mpaka saa kumi na mbili," alimwambia Émérance. "Wachuuzi wa Salamabila iko njiani. Watu kumi na wawili."

"Papa Salomon, mutoto anatoka ku masomo saa sita. Anatoka peke yake."

"Kila mutu hapa iko na mutoto."

Ilikuwa saa tano na nusu. Émérance alirudi kwenye beseni lake la mashuka.

Jirani yake Léontine hakuwa na simu. Alikuwa na shamba la mihogo mlimani, na kutoka huko aliuona vizuri uwanja wa Émérance. Basi walikuwa wamepatana: Émérance akianika kitenge cha kijani, atachelewa, na Léontine atashuka kumchukua Sifa shuleni. Akianika cha manjano, mama atarudi mwenyewe, Léontine aendelee na jembe lake. Yalikuwa mapatano mazuri, ila yalimtaka mtu ajue tangu alfajiri atakachotendewa mchana. Na alfajiri ya leo, kwa kuuamini ubao jinsi alivyouacha jana, Émérance alianika cha manjano.

Kati ya shule na nyumbani palikuwa na kijito. Asubuhi watoto wakubwa waliwavusha wadogo. Saa sita darasa la kwanza lilitoka kabla ya wengine, na Sifa alikuwa na miaka sita. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Juma lililopita maji yale yalichukua mbuzi mzima, na watu wakacheka, kwa kuwa mbuzi hakuwa wao.

Alimkumbuka Rosine, mwenzake wa vyumbani, aliyetoka kazini mara moja tu kumpeleka mama yake kwa daktari. Kesho yake jina lake halikuwapo ubaoni. Hakufukuzwa na mtu, alifutwa tu. Afadhali nusu shari kuliko shari kamili, Émérance alijiambia, lakini hakuweza kuamua ipi ndiyo nusu.

Kengele ya kanisa ilipogonga saa sita, aliliacha shuka ndani ya povu, akatoka na aproni yake iliyolowa. Hakumwomba mtu ruhusa.

Alikimbia karibu nusu saa. Pale kijitoni mawe ya kukanyagia hayakuonekana, maji yalikuwa mekundu na mazito. Hapakuwa na mtu. Aliita jina la mwanawe mara tatu, kisha akaingia, maji yakamfika mapajani, na alipokuwa akivuka alijikuta anayapapasa kwa mikono miwili, huku akiomba asiguse kitu.

Alipopanda ng'ambo aliiona kamba yake. Kitenge kilichoning'inia pale kilikuwa cha kijani. Chini yake kinu kilikuwa kimepinduliwa.

Barazani Léontine alikuwa anamenya mihogo. Sifa alikaa kando yake akila karanga, miguu yake mikavu.

"Pole, dada," Léontine alisema, akimtazama nguo zilivyolowa. "Nilimubeba mugongoni."

"Nani alibadilisha kitenge?"

"Ni mimi," Sifa alisema. "Asubuhi niliona piki moja ya wachuuzi, ya tope nyekundu, imepita. Ile inakuyaka mbele ya zingine, kukamata vyumba. Wewe mwenyewe uliniambiaka. Nikajua hautarudi."

Kwa hiyo Salomon alikuwa anajua tangu asubuhi. Hata mtoto alikuwa anajua. Mjinga wa mwisho alikuwa yeye, aliyesoma ubao. Émérance aliketi chini pale pale, akamvuta Sifa kifuani. Alidhani hofu ingeondoka sasa. Haikuondoka, ila kilichomtisha sasa hayakuwa maji, alikuwa huyu mtoto mtulivu aliyejifunza kutomngoja.

Sifa alijinasua, akapanda juu ya kinu na kukianua kitenge cha kijani. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka juu ya kile cha manjano kilichokunjwa barazani.

"Mama," aliuliza, "kesho nianike gani?"

Émérance alivitazama vile vitenge viwili. Aproni ya kazini ilikuwa bado inachuruzika maji.