Beseni la Ijumaa

Ayubu alipokufa maji, alimwachia mkewe Biasha watoto wawili na moteri moja ya mtumbwi. Huku Magara mwenye moteri halali njaa: wavuvi huiazima jioni, asubuhi analetewa fungu lake la ndagala, dagaa wa ziwani. Lakini Biasha alikuwa amekaa eda, haonani na wavuvi. Akamwita Mansuri, mdogo wa marehemu, akasema naye nyuma ya pazia.

“Shemeji, niwekee hii moteri mpaka nitoke eda.”

Hakuita shahidi. Nani anaita shahidi kwa ndugu ya mume wake? Ndiyo fisi kulinda bucha hiyo, ila fisi huyu alivaa kofia ya swala.

Kila Ijumaa Mansuri alituma beseni la ndagala. Biasha, kwa kuwa hatoki, alishukuru kwa sauti ya kuvuka ua: “Murakoze shemeji, Mungu akulipe!” Mtaa mzima ulisikia, na yeye alitaka usikie. Alijivunia shemeji kama huyo.

Eda ikaisha, akaenda kuchukua moteri yake. Mansuri alikuwa ameshaiuza ng'ambo, Kongo.

Biasha akamshtaki. Tribunali ya Rumonge ililiita kosa hilo kwa Kifaransa, abus de confiance. Magara husema kula amana, na adhabu yake ni jela.

“Haikuwa amana, mukubwa,” Mansuri alimwambia jaji bila kupepesa jicho. “Aliniuzishia. Nilikuwa namulipa na ndagala kila Ijumaa. Majirani iko wanajua.”

Akaitwa Agneta, jirani wa ukuta mmoja, mlokole asiyejua kusema uongo.

“Beseni niliona,” alisema. “Na murakoze nilisikia.”

“Ulisikia kama ni zawadi?” jaji akamuuliza.

“Hapana, mukubwa. Murakoze tu.”

Biasha alisimama. “Na hizo ndagala zilivuliwa na moteri ya nani?”

Akaambiwa akae. Jaji akasema kuna shaka, na mwenye kushtakiwa haendi jela kwa shaka. Asiyeridhika akate rufaa. Nje, wakwe wakamtupia maneno: fadhila za punda ni mateke. Mtu kalishwa eda nzima, kisha anataka kumfunga mlishaji! Biasha alilia kwa hasira, maana kweli alikula, tena alishiba.

Ijumaa ya wiki ile ile Sabrina, mke wa Mansuri, akabisha hodi na beseni kichwani. Watoto wakakimbilia mlangoni. Ndani hamkuwa na mboga. Biasha alilitazama lile beseni, mate yakamjaa, akajichukia.

“Agneta!” alipaza sauti ile ile ya kuvuka ua. “Unasikia? Ameniletea ndagala. Nimekataa!”

Agneta akajibu ng'ambo ya ukuta, “Nasikia, mama. Hiyo pia nitaisema kwa rufaa.”

Sabrina akageuka na beseni lake. Watoto walilisindikiza kwa macho mpaka kona, mdogo akaanza kulia. Siku hiyo walikula bugali na chumvi.