Risasi Zilizobaki Hewani

Saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa vipimo alikuwa ameshafungua madirisha ya chumba cha kupigia risasi, amefagia maganda ya jana na kukiweka kipima mwendo juu ya miguu yake mitatu. Kilikuwa kisanduku cha bati kisichozidi mkate kwa ukubwa, chenye macho mawili kwa juu, moja mbele na jingine nyuma. Risasi ikipita, kivuli chake huligusa jicho la kwanza, kisha la pili, na kisanduku huandika ilikuwa ikienda kasi gani. Mama huyu alikuwa na miaka kumi na sita katika kazi hiyo, na maabara nzima iliujua msemo wake: mashine haidanganyi, anayedanganya ni aliyeiweka vibaya.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya bunduki ya mlinzi wa machimbo ya mawe. Jalada lililokuja nayo lilieleza kwamba wapasua mawe walikuwa wamekusanyika getini kudai kofia ngumu, wakaamriwa watawanyike wasitawanyike, na watu watatu wakafa kwa risasi. Ripoti ya walinzi ilisema risasi tatu zilipigwa hewani. Maabara iliulizwa jambo moja tu: bunduki hiyo hurusha risasi kwa mwendo gani.

Mpigaji alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Nusu Sikio, kwa kuwa sikio la kushoto alikuwa ameiachia mizinga. Aliketi mezani, akapiga ishirini. Kisanduku kiliandika kumi na saba. Kwa ya nne, ya tisa na ya kumi na mbili, kiliandika "hakuna".

"Zimeikosa mashine, binti," alisema mzee.

"Mzee wangu, risasi haipotei kama sindano. Tutaiona ilipo."

Akaanza kwa yaliyo karibu, kama afanyavyo mtu aliyepoteza miwani. Alibadilisha betri. Akayapangusa macho ya kisanduku kwa kitambaa laini, maana moshi wa baruti huacha masizi. Duru ya pili, kumi na saba tena. Alizima taa ndefu za dari, ambazo hupepesa bila jicho la mtu kutambua, akawasha balbu za kawaida. Akakisogeza kisanduku nyuma, hatua nne kutoka mdomo wa bunduki, ili kishindo kisikitikise, kisha akapitisha uzi kutoka kwenye mtutu hadi kwenye shabaha kuhakikisha kila kitu kimenyooka. Duru ya tatu ilitoa kumi na saba, na nambari zilizokosekana zilikuwa zilezile. Aliiweka kando bunduki ya machimbo, akampa mzee bunduki ya maabara. Ishirini kwa ishirini.

"Mashine nzima," alisema, akaandika hivyo daftarini kwa kalamu, si kwa penseli.

Alikwenda kuhesabu matundu kwenye shabaha za duru tatu za kwanza. Kila moja ilikuwa na matundu kumi na saba. Aliporudi akifagia, ufagio ulikokota risasi sita kutoka pale kisanduku kiliposimama mwanzo, nzima, hazijabonyea hata kidogo. Sita zilikuwa za duru mbili za mwanzo. Zilizobaki ni tatu. Akainua uso kuzitafuta, naye akaziona.

Zilikuwa zimesimama hewani juu ya kisanduku, kati ya jicho la kwanza na la pili, zikizunguka polepole mahali pamoja. Inavyoelekea, kila bunduki ya machimbo ilipoanza duru mpya, za zamani zilishuka na mpya zikashika lindo. Jicho la mbele lilikuwa limeziona. Jicho la nyuma lilikuwa bado linazingoja. Fundi aliigusa moja kwa rula, na ikawa rula iliyopinda. Alichukua utepe wa kupimia, akapima kutoka sakafuni: sentimita mia moja thelathini na nane, mia moja thelathini na moja, mia moja na nne. Mtutu ulikuwa kwenye tisini na tano, kwa hiyo zote zilikuwa zimepanda, kila moja kwa hiari yake.

"Mie niliwahi kuona moja iliyorudi nyuma," alisema Nusu Sikio, akaenda kuchemsha chai.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwa ameketi mama mmoja mshona nguo, futi ya kitambaa shingoni. Mwanawe alikuwa mmoja wa wale watatu. Kila Jumatatu alikuja kuuliza majibu, na kila Jumatatu aliambiwa vipimo vinaendelea. Fundi alisimama mlangoni akimtazama. Kanuni haikumruhusu mtu wa nje kuingia, lakini kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya siku ambazo bunduki hupigwa, na kwa siku hiyo kupiga kulikwisha.

"Mama, shikamoo. Njoo uone jambo."

Mshona nguo aliziangalia risasi moja baada ya nyingine, kama mtu achaguaye vifungo dukani. Akavua futi yake, akaishusha kutoka kwenye ile ya juu kabisa hadi sakafuni, akaubana mwisho wake kwa kidole cha mguu. Hakulia. Alisoma namba.

"Mia na thelathini na nane. Akivaa viatu vya kazi, hapa ndipo kifungo cha pili kilipo. Mashati yake yote nimeyashona mimi, mwanangu. Hii ni yake."

Fundi alifungua jalada, akaitafuta ripoti ya daktari. Wa kwanza alipigwa kifuani. Wa pili, mfupi kidogo, kifuani pia. Wa tatu alipigwa mgongoni, akiwa ameinama kumwinua mwenzake. Alikaa chini na kikokotoo, urefu wa kila marehemu mbele yake, akafanya hesabu mara mbili. Hapakuwa na tofauti hata ya nusu sentimita. Miaka kumi na sita hakuwahi kupata vipimo vinavyokubaliana namna hiyo, na kwa dakika moja alijisikia kama mtu aliyefunga mlango nao ukakaa sawasawa.

Mkuu wa maabara aliitwa. Alikuja na miwani yake ya kusomea, akazizunguka risasi kwa heshima, akafurahi.

"Ripoti ya walinzi inasema zilipigwa hewani," alisema. "Hizi ziko wapi?"

"Ziko hewani," alikubali fundi. "Lakini kila moja imesimama kwenye jeraha la mtu. Nimepima."

"Fomu haina mahali pa urefu. Ina mahali pa mwendo. Mwendo wake ni ngapi?"

Fundi hakuwa mtu wa kudanganya namba.

"Sifuri."

"Basi andika sifuri. Risasi yenye mwendo sifuri haijawahi kumuua mtu."

Aliandika sifuri mara tatu, kwani ndivyo ilivyokuwa. Kisha akaandika karatasi ya pili yenye urefu wote na hesabu zote, akatia sahihi na kuibana nyuma ya fomu kwa pini. Fomu ilirudi kutoka kwa wakubwa na mihuri minne na matundu mawili ya pini, karatasi haikuwemo. Akaandika nyingine, akaituma kwa mkono wake mwenyewe. Nayo ikapata matundu. Ya tatu aliigundisha kwa gundi, na wakaikata kwa mkasi, wakafuata mstari vizuri. Uamuzi ulitoka kabla ya mwezi kwisha: maabara imethibitisha kwa kipimo cha kisayansi kwamba risasi tatu zilikuwa hewani. Bunduki ilirudishwa kwa mlinzi, naye akaisaini na kuondoka nayo begani.

Fundi alikihamishia kisanduku kwenye njia ya pili ya kupigia, na tangu hapo hakijakosa kusoma risasi hata moja. Njia ya kwanza haitumiki. Wageni wakiuliza, huambiwa ina risasi, wainame wanapopita.

Wiki moja baada ya uamuzi, mshona nguo alikuja na shati la buluu ambalo mwanawe alikuwa hajawahi kulivaa. Hakuna aliyemzuia. Alipitisha tundu la kifungo cha pili kwenye ile risasi ya juu, akalinyoosha bega, akarudi hatua mbili kuangalia kama limekaa. Lilikuwa limekaa. Baadaye familia nyingine mbili nazo zilileta nguo zao, na Nusu Sikio, ambaye hapendi vumbi, huzifunika kwa kanga kuukuu kila siku kabla ya kuanza kupiga.

Siku ya Ijumaa mama huja kulichukua shati akalifue. Siku ya Jumatatu hulirudisha limepigwa pasi, kola imesimama. Njia yake hupita mbele ya geti la machimbo, na mlinzi, bunduki begani, humwamkia kila mara, kwani ni kijana mwenye adabu. Mama huitikia, marahaba, na kulihamishia shati mkono wa pili ili lisijikunje.