Rafiki Aliyerudi Peke Yake

Mama msusi hakuwa mtu wa kulialia. Mwanawe wa pekee alipouawa vitani, alifunga saluni kwa wiki moja tu, kisha akarudi kusuka, maana tumbo halijui msiba. Aliyempa nguvu ni Mrefu, rafiki wa marehemu tangu utotoni, aliyeingia naye jeshini.

"Risasi ilimpata kifuani, mama. Hakuteseka. Alifia mikononi mwangu," Mrefu alimwambia aliporudi. Tangu hapo akawa mtoto wa nyumba, anafunua masufuria bila kuuliza.

Miaka ikapita, ikafika siku ya kuipa shule ya mji jina la marehemu. Uwanja ulifurika, na Mrefu ndiye msemaji mkuu. Mama alikuwa ameketi mbele pale dereva wa kikosi chao alipokuja, akachuchumaa na kumshika mikono.

"Pole, mama. Sauti yake bado naisikia. Aliita mpaka lori likavuka daraja."

"Aliita?"

"Alivunjika mguu, hakuweza kukimbia. Mimi nilitaka turudi. Mrefu akasema huyo ni wa kufa tu, tuondoke." Dereva akamtazama usoni, akashtuka. "Kumbe hukuambiwa?"

Mama aliinuka. Alimkuta Mrefu nyuma ya jukwaa akinyoosha tai.

"Mwanangu alifia mikononi mwako?"

Mrefu akaiachia tai. "Tungerudi, mama, tungekufa wote."

"Sikuulizi hilo. Woga kila mtu anao, ningekusamehe hata kabla hujamaliza kusema. Lakini umekula kwangu miaka yote hii, nami nikikuombea dua!"

"Nilitaka upate usingizi."

"Usingizi ulikuwa wako. Na usiniite mama."

Alipanda jukwaani mwenyewe, akashika kipaza sauti. Alisema kwa kifupi: mwanawe aliachwa akiwa hai, akaita, hakuitikiwa, na anayetaka kumkumbuka amkumbuke hivyo. Mrefu aliondoka kwa geti la nyuma.

Dereva alimsindikiza mama nyumbani. Njiani mama akauliza, "Alikuwa anamwita nani?"

Dereva akageuza uso.

"Sema, baba. Nimeshadanganywa vya kutosha."

"Mrefu. Hakumwita mwingine."

Mama alishika ukuta wa duka la jirani, na hapo ndipo alipolia, mbele za watu, bila kujifunika uso.