Mechi ya Waokaji Mikate

Mwaka 1955 Sadoki alikuwa mfasiri wa gari la sinema la serikali, na alasiri ile pale Kikwe alikuwa amechoka hadi ulimi. Madirisha ya darasa yalizibwa kwa mablanketi, watu wamebanana kama ndizi kwenye mkungu. Alikuwa ameleta filamu ya magonjwa ya kahawa. Hakuna aliyeitaka.

"Tuwekee waokaji mikate!" walipiga kelele, wazee kwa watoto.

Hiyo ilikuwa filamu ya mpira. Waokaji mikate wa kijiji kimoja cha Uingereza, wenye vitambi, wanachekwa na kila mtu, kisha wanaifunga timu kubwa dakika ya mwisho. Sadoki alikuwa ameifasiri mpaka akawa anaiota.

"Shikamoo, bibi," alimwambia Bibi Susana, aliyekaa mbele na wajukuu wanne. "Uliiona Tengeru, ukaifuata Nduruma. Si unajua watashinda?"

"Marahaba. Mimi najua, hawa hawajui," akawaonyesha wajukuu. "Washa mtambo, baba."

Akawasha, huku akiguna. Mabao yalikuwa matatu kwa matatu, na mwokaji kibogoyo anakimbia na mpira kuelekea golini, filamu ilipokatika. Kitambaa cha sinema ukutani kikabaki cheupe.

"Amefunga?" watoto wakauliza.

"Amekosa," Sadoki akasema kwenye kipaza sauti, kwa hasira tu. "Wameshindwa. Nendeni mkapulizie kahawa dawa!"

Kisha mjukuu mdogo wa Bibi Susana akaangua kilio, wenzake wakamfuata.

"Mwongo mkubwa wewe!" Bibi Susana alisimama, akakaza kanga kiunoni. "Kibogoyo hakukosa! Alimpiga chenga yule mrefu, hivi, akamwacha kipa amekaa chini, akapiga kwa mguu wa kulia..."

"Wa kushoto, bibi!" Sadoki akaropoka. "Alipiga kwa kushoto! Ukagonga mwamba, ukarudi, akaurukia kwa kichwa, ukaingia!"

Darasa zima likalipuka kwa shangwe. Akina baba walikumbatiana, watoto wakarushwa juu. Sadoki alijikuta naye ameinua mikono, akaishusha upesi kwa aibu.

"Kumbe unajua kusema kweli," Bibi Susana alisema, akiketi. "Haya, iunge sasa, tuone."

"Na filamu ya kahawa, bibi?"

Bibi Susana alikuwa ameshawageuza wajukuu waangalie kitambaa. Sadoki akatoa wembe na gundi, akachuchumaa kando ya mtambo, akiilaani siku aliyojifunza Kiingereza.