Miaka ya Ornella

Kila alasiri baada ya kufundisha shuleni, Katungu aliketi mlangoni kwa mama yake, mjini Butembo, akichagua maharagwe. Mabovu kushoto, vijiwe kulia, mazima kwenye sufuria. Siku hiyo alikuwa amefika nusu ya ungo simu ilipolia. Ni shangazi yake wa Beni, aliyekuwa akimlea Ornella, mdogo wake Katungu.

Ornella alikuwa amepanda gari kuja likizo ya Pasaka, akashushwa kwenye kizuizi. Ndani ya boksi la dawa ya meno askari walikuta misokoto miwili ya bangi. Walipomuuliza ni ya nani, hakumsingizia mtu. "Ni yangu," alisema. Kesho saa nne angepelekwa gerezani na wanawake wazima, kwa kuwa kadi yake ilisema ana miaka ishirini.

Maharagwe yakamwagika yote, mazima na mabovu.

Ornella alikuwa na miaka kumi na sita.

Asiye na kadi ya mpiga kura, kitambulisho pekee cha watu wengi, hapiti kizuizi salama. Atashushwa, atahojiwa, gari litamwacha. Kwa hiyo mwaka wa kuandikishwa, watoto warefu walipelekwa kwenye foleni pamoja na mashahidi wa kuapa kwamba wametimiza kumi na minane. Ornella alikuwa na kumi na minne na alimpita mama yake kwa kichwa. Aliingia asubuhi akiwa mtoto, akatoka mchana mpiga kura. Shahidi aliyetia sahihi alikuwa Katungu, mwalimu, mtu ambaye neno lake haliulizwi mara mbili.

"Mambo ya carte usiseme," mama alimwambia, akiokota maharagwe sakafuni. "Unasikia? Batakufunga na weye, na kazi itaisha. Omba tu huruma."

Katungu aliitikia kwa kichwa. Lakini alfajiri, kabla ya kupanda pikipiki, alifungua sanduku la mama na kuchukua cheti cha ubatizo cha Ornella. Akakificha ndani ya daftari.

Huko Beni, kituoni, ofisa wa polisi Tshibangu, aliyetumwa kutoka jimbo la Kasaï, alikuwa akichovya mkate kwenye chai. Karani wake, Josée, aliandika. Kupitia mlango uliofunguliwa nusu Katungu alimwona mdogo wake ameketi sakafuni, bila viatu, akitazama ukuta.

"Madame, uko nani yake?" ofisa aliuliza.

"Dada yake."

"Sema na nguvu! Batu ya Butembo, ku soko munapiga kelele mpaka Kampala inasikia. Hapa munanong'ona."

Josée alicheka. Katungu alisogea karibu na meza, sauti ikabaki ile ile ya chini. Wanafunzi wake hawakumwita Madame Polepole bure.

"Ninaomba huruma, chef," alisema.

"Huruma ya nini? Iko mukubwa. Makumi mbili!" Tshibangu aliinua kadi. "Na carte hii angeenda kuvutia bangi Canada, wangemuuzisha na risiti. Si kweli, Josée? Kaka yako iko kule."

"Toronto, ndiyo," Josée alisema. "Kule bangi ni ruhusa kuanzia miaka kumi na kenda. Lakini Montréal wangemufukuza, kule ni makumi mbili na moja. Ujerumani ni kumi na munane."

"Unaona? Kila inchi iko na calcul yake, hesabu yake ya miaka. Shida yake ni kuzaliwa fasi mubaya."

Walicheka tena. Katungu alikuwa akitazama nyayo za Ornella, zenye vumbi jekundu. Akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Na wa miaka kumi na sita?"

Josée hakuinua hata macho. "Kumi na sita? Ah, huyo hapana. Hata fasi moja, hata inchi moja. Huyo ni mutoto."

"Hata fasi moja," Katungu alirudia.

Aliweka cheti cha ubatizo mezani, juu ya makombo ya mkate. Tshibangu alisoma mwaka, akaweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Donc, kumbe carte ni ya uongo. Madame, unajua kushuhudia uongo ni jela? Nani alishuhudia? Fikiri muzuri mbele ya kujibu. Unaweza kurudisha kartasi yako mu daftari, urudie Butembo, na mi sikuona kitu."

Ornella aligeuza kichwa. Alikuwa amesikia. Alimtikisia dada yake kichwa: usiseme.

Katungu alisimama.

"Sirudii Butembo," alisema, na safari hii hata askari wa nje aligeuka. "Josée, andika. Inchi zote mumehesabu hapa, hakuna hata moja yenye kumuita mukubwa. Ni carte tu. Mupeleke ku tribunal, mahakama ya batoto, kule watamusemesha juu ya bangi yake, ni sawa. Lakini gereza ya bakubwa hapana. Ni mutoto. Mi Katungu, dada yake, ndiye nilimuzeesha."